Kikombe Kilichobaki Kimejaa

Nakumbuka asubuhi moja ya kumi la mwisho la Ramadhani, mwanangu, nilipomwekea bibi mmoja kidonge kiganjani, nikageuka, nikaandika "amemeza" kabla hata hajafumba vidole. Nimeikumbuka leo kwa sababu yako. Umenijia hapa Mapinga na gauni lako jeupe la unesi, na kile kibao cha kioo unachokiita kishikwambi. Ukanipa vidonge vyangu vya presha, ukabonyeza, alama ya kijani ikatoka, ukaniambia kwa furaha, "Bibi, siku hizi hatuandiki. Tunabonyeza tu, na daktari aliye mjini anaona papo hapo." Wewe ulifurahi, mimi sikufurahi. Keti hapo mkekani, kioo chako kiweke kando.

Najua mnavyosema nyie vijana, kwamba wazee tunashuku kila kitu kipya. Sikatai, nashuku. Lakini usidhani nimeanza na kioo chako. Niliishuku karatasi kabla mama yako hajazaliwa, na sikuzaliwa nayo tabia hiyo. Nilifundishwa, na ada ya mafunzo hayo aliilipa mtu mwingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nesi mbichi, nimetoka chuoni mwaka uleule, katika hospitali moja ndogo ya pwani huku ambayo jina lake nalisitiri. Wodi ya akina mama ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na kila kitanda kilining'inizwa chati miguuni. Chati ile ndiyo iliyokuwa kioo cha siku zetu. Daktari alikuwa mmoja, anazunguka mbio mbio, na alichokiona kwenye chati ndicho alichokijua. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nasema bila haya, ulikuwa mzuri kuliko wa wote, na daktari alinisifu mbele za watu. Kumbe sifa nayo hupumbaza.

Msimamizi wetu alikuwa Sista Anastazia, mwanamke wa bara, mrefu, hacheki ovyo. Huyo alishuku mpaka kivuli chake. Alinusa chupa za dawa, aliinua magodoro, alihesabu mapigo ya mgonjwa ambaye wewe umekwisha kumhesabia. Sisi wasichana tulimwita Bi Wasiwasi, tukamwigiza jikoni tukacheka hadi machozi. Ramadhani ilipofika nusu alikwenda likizo kwao. Tukashukuru Mungu, wodi ikawa na raha.

Siku ya kumi na tisa ya mfungo akaletwa Bi Mwanahawa, mkulima wa Makurunge. Miguu imevimba, pumzi haitoshi, hawezi kulala chali. Moyo ulikuwa umechoka. Daktari akaandika kidonge kimoja kila asubuhi, vile vidogo vyeupe vya moyo, ambavyo kidogo chake ni dawa na kingi chake ni sumu. Nikampelekea na kikombe cha maji. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba mwanangu, Mungu akuweke." Nikampa kidonge, nikaandika. Nilipopita tena, kikombe kilikuwa kimejaa pomoni.

Nilikiona, mwanangu. Nataka ulijue hilo mapema usije ukanionea huruma. Siku ya kwanza nilikiona, na ya pili, na ya tatu. Nami mwenyewe nilikuwa nimefunga, mtoto wa mji wa Waislamu, nilijua kikombe kilichojaa asubuhi ya Ramadhani kina maana gani. Chakula chake cha mchana nacho kilikuwa kinarudi jikoni vilevile. Bibi alikuwa amefunga. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, hata watoto wa madrasa wanalijua hilo, ila yeye hakuwahi kuacha saumu kwa maradhi tangu alipovunja ungo na hakutaka kuanzia uzeeni.

Basi ningefanya nini? Rika la bibi yangu mzaa mama, nimwambie fungua kinywa nikuchungulie? Niwe mimi wa kumfunguza saumu mtu mzima? Nikajiambia huenda anameza kwa mate, huenda anameza usiku. Nikayafumba macho, nikaiita heshima. Haikuwa heshima. Ilikuwa woga uliovaa kanga ya heshima. Neno moja tu lingetosha: "Bibi, umefunga?" Angesema ndiyo, nami ningemwomba daktari tuihamishe dawa, tumpe baada ya futari. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa nimeshaandika, na aliyekwisha kuandika huona tabu kuuliza.

Baada ya siku tano daktari akasimama miguuni pa kitanda. Akaitazama miguu, bado imevimba. Akaitazama chati, "amemeza, amemeza, amemeza," mwandiko safi. Akatikisa kichwa, akasema dawa haijamtosha, akaongeza viwe viwili kila asubuhi. Nilikuwa nimesimama kando yake. Sikusema kitu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini nilikuwa nimeshaikanyaga na sikujua namna ya kurudi.

Idi ikaingia. Wodi nzima ilinukia udi na pilau la majumbani, wagonjwa wamevishwa kanga mpya. Ilipokaribia saa nne Bi Mwanahawa akaanza kutapika. Daktari akapita akasema ni pilau hilo, tumbo lililofunga limeshtuka, apumzike kidogo na vidonge vyake vya leo apewe. Nikavichukua, nikamwendea. Alikuwa amejilaza, macho yamelegea, akaniambia, "Mwanangu, mbona shuka zenu leo zimekuwa za manjano?" Shuka zilikuwa nyeupe, nimezitandika mwenyewe.

Kisha akaona vidonge mkononi mwangu, akatabasamu. "Hivyo viweke. Leo nimelipa tisa baada ya swala. Vilivyobaki nitalipa kesho, inshallah."

Sikumwelewa. Akalivuta pindo la kanga yake, akalifungua fundo, akanionyesha. Vilikuwemo vidonge vinane. Alikuwa amevitunza vyote, hakutupa hata kimoja, maana dawa ya serikali ni amana. Kama unavyolipa saumu zilizokupita mwezi ukiisha, naye alikuwa analipa vidonge vilivyompita. Hakuona kosa lolote. Alidhani nitampongeza.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua vidonge tisa vya namna ile kwa mpigo vinaufanya nini moyo wa mzee: vinapunguza mapigo mpaka yapotee, na macho huona manjano. Na nilijua pia kwamba nikienda kumwambia daktari, ataichukua chati na kuniuliza hii ni kitu gani.

Sikiliza nilichofanya. Nilivichukua vile vinane, nikavitia mfukoni mwa gauni langu pamoja na viwili vya siku ile. Nikajiambia simpi kingine, tumbo litatulia, hakuna atakayejua. Kisha nikaenda miguuni pa kitanda, nikaishika kalamu, nikaandika tena "amemeza." Mkono haukutetemeka. Mpaka leo hilo ndilo linalonitia hofu, kwamba mkono wangu haukutetemeka.

Sista Anastazia akarudi siku ileile, mchana, na mfuko wake wa safari bado uko begani. Hakusalimia mtu. Alimwona bibi anavyotapika, akakishika kifundo cha mkono wake, akaitazama saa. Akahesabu dakika nzima, akahesabu tena. Mapigo yalikuwa machache mno, yanakuja na kupotea. Akaisoma chati kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho bila haraka. Nilidhani ataisifu. Badala yake akaniita kwa sauti ya chini.

"Zuhura, ulimwona akimeza?"

"Sista, chati inaonyesha..."

"Sikuiuliza chati. Chati haina macho. Nakuuliza wewe."

Akasema, "Binti, siku kumi na mbili mwandiko mmoja, saa ileile, hakuna siku hata moja aliyokataa wala kuchelewa. Mgonjwa wa kweli hayuko hivyo. Chati safi namna hii huandikwa na mtu asiyetazama. Una nafasi moja ya kusema kweli, na nafasi hiyo si yako, ni ya huyo anayetapika."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikamwekea vidonge kumi mbele yake. Nikasema yote, nikilia. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alimtuma mtu mbio kumwita daktari, dawa zikasimamishwa, na tukakaa na bibi yule, yeye upande huu mimi upande ule, tukihesabu mapigo kwa zamu. Kabla ya hapo alinipa kalamu, akaniambia, "Kata mistari yote uliyodanganya, usifute, isomeke. Halafu andika pembeni: sikuona." Nikaandika mara kumi na mbili. Wenzangu walikuwa wanapita wanasoma. Aibu ile ilikuwa chungu, ila ilikuwa haki yangu.

Bi Mwanahawa hakufa Idi ile. Siku ya nne aliniambia shuka zimerudi kuwa nyeupe. Akaenda kwao Makurunge, na aliniaga kwa dua, maana hakuna aliyemweleza kosa lilikuwa la nani, nami sikuthubutu. Lakini mfungo mwingine haukumkuta. Daktari aliandika kwamba ni ule ugonjwa wake wa moyo. Huenda ni kweli. Huenda pia moyo ule ungemfikisha mbali zaidi bila ile asubuhi. Karatasi inasema ni maradhi yake, na mimi karatasi siiamini, hasa ikiwa inanisafisha mimi.

Sasa nije kwako, mwanangu. Usinielewe vibaya, sikisemi kioo chako kwamba ni kibaya. Huenda kinakumbuka kuliko sisi, na hakipotei kama chati zetu zilizoliwa na mchwa. Ila nakishuku kwa jambo moja: kimekurahisishia uongo. Mimi nililazimika kuandika neno zima, herufi kwa herufi, na bado nilidanganya. Wewe unagusa tu kwa kidole. Na daktari wangu alikuwa hatua kumi kutoka kitandani, wako yuko mjini, hataiona miguu iliyovimba wala hatasikia habari za shuka za manjano. Ataona kijani.

Dini inatukataza kumdhania mtu vibaya, na ni kweli. Lakini karatasi si mja wa Mungu, wala kioo si mja wa Mungu, kwamba ukikidhania vibaya utaandikiwa dhambi. Vishuku hivyo. Ushuku na mkono wako mwenyewe, hasa siku unaposifiwa. Mgonjwa usimshuku, muulize. Umefunga? Kidonge kinakutapisha? Kuna jambo unaniona mtoto huwezi kuniambia? Mkalie mpaka ameze, na ukione kikombe. Akikataa, andika amekataa. Doa la kweli katika kumbukumbu yako litamwokoa mtu, na usafi wa uongo utamzika. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nililia.

Sogea karibu. Hili pindo la kanga yangu lifungue wewe, vidole vyangu havina nguvu tena. Unaona? Ndivyo, ni vile vile vya asubuhi, viwili. Kioo chako kinasema nimemeza, na daktari huko mjini anajua bibi yako yu salama.

Usilie, mjukuu wangu. Mimi nililia nikiwa nimechelewa, wewe hujachelewa. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kutazama pale unapochoka kutazama, akupe ulimi wa kuuliza pale heshima inapokuambia nyamaza, na asikufikishe mahali ambapo mkono wako hautetemeki. Sasa niletee maji, ukae hapa unitazame nikimeza, na kikombe kikiwa kitupu ndipo ubonyeze.