Kilele cha Kaboni ya Kawaida

Mwanafizikia asikipe jina kilele cha grafu yake kabla hajaujua uchafu wa shabaha yake, yaani kile anachokilenga. Munyiva alifundishwa kanuni hiyo, akaiamini, kisha akaivunja akiwa na akili timamu, na kwa hilo hana wa kumtetea.

Mwaka wa 2006 alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja katikati ya Nairobi. Jioni aliwafundisha hesabu watoto wa matajiri wa Lavington ili apate karo, ndipo arudi chumbani kwake mtaa wa Satellite. Tasnifu yake ilitegemea vipimo vilivyofanywa ng'ambo. Huko, viini vya heliamu vilirushwa kwenye utando mwembamba wa kaboni-13, ile kaboni adimu. Vilipogongana vilibadilishana chaji: nyutroni moja ya kaboni iligeuka kuwa protoni, na mara nyingine spini yake, yaani mwelekeo wa mzunguko wake, ikapinduka papo hapo. Kila badiliko huacha kilele kwenye grafu. Kilele kimoja, mbali upande wa kulia, kilikuwa kirefu ajabu, na msimamizi wake, Daktari Waithaka, alikwisha kujisifia kwacho kongamanoni.

"Daktari," Munyiva alimwambia, "ule utando una kaboni ya kawaida ndani yake, na kilele cha kaboni ya kawaida huangukia mahali pale pale. Tuwaombe wale wa ng'ambo vipimo vyake, tukitoe kwenye grafu."

"Tuwaombe? Wazungu wajue hatujui tunachopima?" Waithaka akacheka. "Nyinyi watu wa Kitui mmezoea foleni ya mahindi ya msaada. Hapa hatuombi. Andika ulichoona, umalize."

Akaandika. Alitaka kumaliza.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini kutoka nje, Profesa Were, alikiwekea kidole kile kilele.

"Binti, una hakika hii ni kaboni-13?"

"Ndiyo, Prof."

"Kaboni ya kawaida uliipima, ukaitoa?"

Munyiva alimtazama Waithaka. Waithaka alikuwa akikoroga chai.

"Mimi nilimwambia hadi nikachoka," Waithaka akasema bila kuinua macho. "Lakini hawa wa siku hizi, ukiwaambia wachambue mchele, wanakupikia na mawe."

Chumba kizima kikacheka. Munyiva angeweza kusema ukweli pale pale. Alinyamaza, kwa kuwa bado aliitaka saini ya yule mtu.

"Basi, mama," Were akamwambia, akiifunga tasnifu, "umetuletea masizi ukayaita dhahabu."

Wakaikataa. Waithaka hakukubali kumsimamia tena. Kazi ile alimpa mwanafunzi mwingine, Karanja, na safari hii akawaandikia wazungu mwenyewe, kwa adabu zote, kuomba vipimo vya kaboni ya kawaida. Vikaja bila maswali. Karanja akahitimu.

Uwongo mmoja na kimya kimoja vilimgharimu Munyiva shahada yake na miaka mitatu ya ujana, na hakuna idara ya fizikia iliyompokea tena.