Daktari Mhispania na Ugomvi wa Kuigiza

Jamani, nichekeni tu. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mkalimani wa daktari mmoja Mhispania hapa Kigoma. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Siku hiyo alikuwa akitafsiri taarifa ya kambini kwa lugha ya kwao, akakwama kwenye neno "brawl". Nikamwambia ni ugomvi wa hadharani. Hakuelewa. Nikakunja ngumi, nikafoka. Akanipapasa tumbo, akadhani naumwa!

Nikachoka. Nikampeleka sokoni Ujiji, nikamnong'oneza Mama Zawadi, muuza migebuka: "Shangazi, nigombeze kidogo, mgeni aone."

Kidogo? Alirusha beseni! "Mwizi wewe, rudisha samaki wangu!"

Nami kwa kiherehere changu nikapandisha sauti: "Mchawi mkubwa! Nitakuzaba vibao!" Watu wakajaa, mmoja akanikaba shati.

Katikati ya watu hao nikamwona mama mmoja wa mtaa wa Kasingirima, kikapu mkononi, ameduwaa. Kwake ndiko nilikopeleka posa ya binti yake, na jibu nilikuwa nalisubiri Ijumaa.

"Shikamoo, mama," nikasema, ngumi bado iko juu.

Akakumbatia kikapu chake, akarudi nyuma hatua mbili. Nyuma yangu daktari akapiga makofi kwa furaha: "Bronca! Kwetu inaitwa bronca! Sasa nimeelewa! Rudia tena!"