Mtaa Niliousoma Kinyumenyume

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa serikali siku tano za wiki na mtaalamu wa historia siku moja. Ukarani nilipewa kwa barua yenye muhuri. Utaalamu nilijipa mwenyewe. Shahada ya historia nilikuwa nayo, lakini ofisini kwetu Al Khuwair, Muscat, kazi yake kubwa ilikuwa kunisaidia kukumbuka faili gani limelaliwa na faili gani. Kwa hiyo kila Alkhamisi, ambayo wakati ule ilikuwa siku ya mapumziko, nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na kwenda Matrah, upande wa zamani wa mji, kuwatembeza wageni kwa miguu katika vichochoro vya nyuma ya soko.

Matembezi yangu yalikuwa kama ya kila mtu: mlango wa kuchonga, ubani, ngome ile pale juu, tahadhari na ngazi. Kisha jamaa mmoja akanipa nakala ya hati ya zamani ya kuuziana nyumba, mwandiko wa mkono, ikitaja kisima na mtaa wa watu fulani. Nikaikazia macho jioni nzima, na nilipoelewa ni mtaa wa nani niliinuka kitini. Mayahudi! Katika mji mzima hakuna aliyekuwa akiwaonyesha wageni mtaa wa Mayahudi. Sikumuuliza mtu. Nilikitafuta kichochoro chenye kisima, nikakipata, nikakiweka mwisho wa matembezi kama mpishi anavyoiweka nyama juu ya wali.

Haukupita muda nikapigiwa simu kutoka hoteli moja. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, Myahudi, mzaliwa wa Nairobi, Kiarabu hakukiweza, na alipogundua Kiingereza changu kina vumbi, alihamia Kiswahili.

"Nimesikia wewe unajua mtaa ya Wayahudi," alisema. "Nyanya yangu ilizaliwa Muscat."

Hadithi yake ilikuwa fupi. Bibi yake alichukuliwa Bombay akiwa mtoto, na huko ndiko ukoo ulikotoka kwenda Nairobi. Mpaka anakufa bibi huyo alisema kwao ni Muscat. Mgeni wangu alimwamini. Mdogo wake wa kike hakumwamini: Mayahudi Muscat walitoka wapi? Bibi alipenda hadithi tu. Ndugu hawa wawili walikuwa wamelibishania jambo hilo miaka sitini, na sasa mdogo alikuwa kitandani, hali yake si nzuri. Walikuwa wameahidiana kwamba Alkhamisi saa sita mchana yule mkubwa angepiga simu kutoka Muscat na kusema alichokiona.

"Mimi nataka kumaliza hii maneno kabla..." alisema, akaishia hapo.

"Hapana shida, bibi," nikajibu. "Nitakufikisha mpaka mlangoni."

Shangazi yangu, aliyekuwa akikaa nasi Ghubra, alisikia upande wangu wa mazungumzo na kuukisia ule mwingine.

"Kaja mtu kutoka Nairobi anasema Kiswahili," aliniambia, "na mie nikae hapa nichambue mchele? Nnakuja."

Tulikutana kwenye mlango wa soko saa tatu asubuhi. Mgeni alikuwa mwembamba, kavaa kofia ya majani na viatu vya kupandia mlima. Shangazi alikuwa mnene, kavaa buibui na kandambili. Hazikupita dakika tano wao wakawa mbele na mimi nyuma, nikitoa maelezo yangu kwa migongo yao.

"Nyanya yangu ilizaliwa huku," mgeni alikuwa akisimulia.

"Ilizaliwa?" shangazi akauliza. "Hiyo nyanya ya kutia mchuzini?"

"Hapana! Mama ya mama."

"Basi sema bibi. Na hizo za mchuzini sie twaita tungule, usije ukaniletea bibi yako jikoni."

Mgeni alicheka mpaka akashika ukuta. Niliona matembezi yananiponyoka, nikapandisha sauti ya mhadhiri.

"Sasa tunaingia katika hara za zamani."

Mgeni akasimama. "Katika nini?"

"Hara. Ni Kiarabu, maana yake mtaa."

"Kwetu Nairobi mtu anahara akikula nyama imeoza."

"Wacha wee!" shangazi akadakia. "Mwaka wangu wa kwanza nimetoka Unguja, jirani kaniuliza kwa Kiarabu, hara yako ipi? Nikamwambia sina, alhamdulillahi, tumbo langu zima."

Niliongeza mwendo. Miaka minne ya chuo kikuu haikunifundisha la kusema baada ya hapo.

Kichochoro changu kilikuwa chembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kisima kilikuwepo, kimefunikwa bati. Palikuwa na milango mitatu, nami nilikuwa nimechagua wa kijani. Hati haikutaja rangi. Nilichagua wa kijani kwa sababu ndio uliokuwa kivulini.

"Huu hapa," nikasema.

Mgeni alisogea mpaka kwenye mwimo wa kulia wa mlango akaanza kuupapasa. Baadaye alimweleza shangazi kwamba kwao hupigilia hapo kijisanduku chenye maneno ya Taurati, na hukiweka mshazari. Kidole chake kilipanda polepole juu ya rangi iliyobanduka, kikaingia kwenye mwanya uliolala mshazari, urefu wa kidole chenyewe.

"Iko hapa," alisema. Akavua kofia. "Mungu wangu, iko hapa."

Nilikuwa nimewaleta watu pale mara tatu kabla ya siku hiyo, na mwanya huo sikuwahi kuuona. Hata hivyo nilisikia sauti ikisema, "Bila shaka," na sauti ilikuwa yangu.

Mkabala na mlango palikuwa na duka la vitambaa. Mwenye duka, mzee wa makamo yanayokwisha, alitoka akaniuliza kwa Kiarabu bibi yule amepoteza nini ukutani. Nikamweleza kwa fahari, na ili asiniulize zaidi nikamkabidhi ile nakala. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya mstari, akakirudisha.

"Umesoma wapi wewe?" aliniuliza.

"Chuo kikuu."

"Hapa pameandikwa Hunud."

Naomba msomaji anivumilie kidogo kwa herufi, maana aibu yangu yote imo ndani yake. Mayahudi kwa Kiarabu ni Yahud, Wahindi ni Hunud. Zikiwapo nukta hakuna wa kukosea. Lakini karani wa hati ile alikuwa na haraka, nukta hakuziweka, na bila nukta hayo maneno mawili yana viungo vilevile: kijino kimoja, ambacho nukta ndizo hukifanya ye au nuni, na he, na wau, na dali. Tofauti yao ni moja tu. Kwenye Yahud kijino kinatangulia na he inafuata. Kwenye Hunud he ndiyo inayotangulia. Chuoni Unguja, kwa mwalimu wa Kurani, tulisoma kutoka kulia, herufi zilizokamilika, nukta na irabu zake zote. Skuli tukasoma Kiswahili kutoka kushoto. Nilipolikazia macho neno lile jioni ile, jicho langu liliingia kwa mlango wa kushoto kama lilivyozoea, likakutana na kijino mahali pasipo pake, na furaha ikafanya yaliyobaki.

"Nyumba hii baba yangu aliinunua kwa Baniani mwenyewe," mwenye duka aliendelea. "Na huo mwanya ni wa ndoano. Walikuwa wakitundika taa siku ya sikukuu yao."

Mgeni alikuwa bado ameweka kiganja pale, amefumba macho.

Sisi watu tuliotoka Unguja, tukitaka kusemezana siri sokoni Muscat, husema Kiswahili. Siku ile Kiswahili kilikuwa cha wote, ikabidi siri ihamie kwenye Kiarabu, na Kiarabu cha shangazi ni cha kununulia samaki. Hata hivyo alinivuta mkono na kukitumia chote alichonacho. Aliniambia nisiseme. Wahindi, Mayahudi, wote walishakufa. Saa sita inakaribia, mgonjwa anangoja kule, mwache mama wa watu na mlango wake.

Ushauri haukuwa mbaya. Ungenifaa mimi kuliko wote. Nilikuwa nimeshaanza kuukubali, ila katika kunong'ona kwake shangazi alikuwa ametamka Hunud mara mbili na Yahud mara tatu, na neno hilo la pili halihitaji mkalimani.

Mgeni akafumbua macho. "Yahudi gani? Mnasema nini?"

Shangazi akaangalia bati la kisima. Nami nikamwangalia yule mwanamke, nikafikiria simu atakayopiga: atamwambia mgonjwa wake kwamba ameugusa mlango, mgonjwa atakubali kushindwa, na mabishano ya miaka sitini yatamalizwa na kosa langu la kusoma.

"Bibi, nimekosea," nikasema. "Huu ni mtaa wa Mabaniani. Hati niliisoma vibaya."

"Vibaya namna gani?"

"Kinyumenyume."

"Na umeenda chuo kikuu?"

"Nimekwenda."

"Tulichinja mbuzi alipofaulu," shangazi akasema kwa huzuni.

Mgeni aliondoa mkono ukutani, akautazama, akavaa kofia yake. "Lakini Wayahudi walikuwa hapa? Muscat?"

"Inasemekana waliwahi kuwapo, familia chache. Walikaa wapi, sijui."

"Inasemekana," alirudia. "Mimi nimesema inasemekana miaka sitini. Dada yangu atacheka mpaka ile dripu itoke."

Tulirudi mpaka barabara ya pwani, kwenye simu ya kadi, na shangazi akatoa kadi yake. Ndugu wale walianza kwa Kiingereza, kisha wakaingia Kiswahili, na hapo ndipo tuliposikia.

"Hapana, sijaona... Ilikuwa ya Wahindi... Huyu kijana alisoma mbaya... Ndiyo, cheka. Cheka tu." Alikuwa akitabasamu, lakini mkono wake usio na simu ulikuwa umeikunja kofia vibaya.

"Hebu nipe," shangazi akasema, akaitwaa simu. "Halo! Mie mama wa hapa Muscat. Sikiliza, mwanangu, usimcheke dadako. Mie nimezaliwa Unguja. Nyumba yetu leo anakaa nani sijui, mlango wake upo au haupo sijui. Wajukuu zangu hawajaiona hata picha. Ndo niwe muongo? Bibi yenu kasema kazaliwa Muscat, basi kazaliwa Muscat. Nani atazua kuzaliwa Muscat, na joto hili?"

Nilikuwa nimesimama upande wa kijidirisha cha simu kinachoonyesha salio la kadi. Kadi ilikwisha kwenye neno "picha". Tarakimu ikawa sufuri, mlio ukalia, na shangazi akaendelea kumuuliza mtu ambaye hayupo, akangoja jibu, akaitikia, "Enhe... enhe... Haya, ntamwambia," akakirudisha chombo mahali pake kwa adabu.

"Amesema nini?" mgeni akauliza haraka.

"Kasema huenda bibi alisema kweli. Kasema huyu mtaalamu atafute tena, na safari hii asome pole pole."

"Amesema hivyo? Dada yangu?"

"Kwa mdomo wake."

Mgeni akaitazama simu, akamtazama shangazi, kisha akanigeukia mimi, ambaye nusu saa iliyopita nilikuwa nimejionyesha kuwa mtu wa kusema kweli.

"Ni kweli?"

Shangazi alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba wake, kitu kidogo sana, bila kuinua kichwa.

"Nitaanza kutafuta Jumamosi," nikasema, "ofisi zikifunguliwa."