Mama Bureti Anatamani Asijue

Kengele ya kipindi cha kwanza haijalia bado, na maabara ya chuo cha ufundi ni ya mtu mmoja. Mwanamke aliyevaa koti jeupe lililofifia anapita kati ya meza ndefu, beseni la vyombo vya kioo kiunoni, kama mama anayetoka kuosha sahani za jana. Anainua bureti, yaani lile bomba jembamba la kioo lenye mistari ya vipimo na koki chini, anaielekeza kwenye mwanga wa dirishani, anaipuliza, anaishusha. Ina doa. Anaiosha tena.

"Kioo kichafu kinadanganya," anasema bila kugeuka. "Na mwanafunzi akidanganywa atanilaumu mimi, hatalilaumu bomba."

Wanafunzi wanamwita Mama Bureti. Jina lake halisi limo kwenye orodha ya mishahara, na inaelekea linaishia hukohuko. Hata mumewe, fundi wa kuchomelea mageti mtaa wa nyuma, akipiga simu ya chuo humwulizia Mama Bureti, maana akitaja lile jingine anaambiwa amekosea namba.

Kila mwaka wanafunzi wapya wa uhandisi huanzia hapa, kwenye misingi ya fizikia na kemia. Hapa wanaona chuma kinavyotanuka kikipashwa moto. Wanapima springi inarefuka kiasi gani ikining'inizwa uzito, na jiwe lililofungwa kwenye uzi linachukua muda gani kwenda na kurudi. Wanajifunza kwa nini msumari uliolowa unaliwa na kutu na ule mkavu unabaki mzima. Kabla hawajagusa chochote, yeye amekwisha kukigusa.

"Uzi naufunga mimi, jiwe nalisukuma mimi, nione kama linabembea sawasawa," anasema. "Wakiingia wao, mimi natoka. Kuhesabu wanahesabu wao."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Huyu mama anatamani kuhesabu. Ameitamani kazi hiyo tangu akiwa msichana, na sasa ana miaka arobaini na sita.

Kuna chupa moja anayoipenda kuliko zote, na ndiyo hiyohiyo inayomuumiza. Ni chupa ya tindikali iliyoandikwa herufi X tu. Mwanafunzi haambiwi nguvu ya tindikali iliyomo. Anachota kidogo, anaitia kwenye chupa ya koni pamoja na matone ya dawa ya rangi, kisha anaifungulia magadi makali kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, mpaka maji yageuke waridi hafifu na rangi ibaki, ishara kwamba tindikali imeisha nguvu. Hapo anafunga koki na kusoma mstari. Kutokana na mstari huo anapiga hesabu, anajua X ni kali kiasi gani.

Mama Bureti hana haja ya hesabu hiyo. X ameichanganya mwenyewe.

Wanafunzi wanalijua hilo, na hawana haya. "Mama, nipe hata tarakimu ya kwanza tu," humnong'oneza. "Mama, mimi ni kama mwanao." Jibu lake ni moja, na limekuwa msemo wa chuo kizima: "Muulize bureti."

Akishasema hivyo hutazama dari. Ana sababu. "Uso wangu hauna siri," anaeleza. "Mtoto akifika kwenye mstari wenyewe nitatabasamu tu, hata nijizuie vipi. Basi natazama juu. Dari la maabara hii nalijua kuliko paa la nyumbani kwangu."

Ndiyo hali yake kwa miaka kumi na saba: kukaa na majibu ya maswali ambayo hakuna aliyemwuliza.

Alipomaliza shule alipata nafasi ya kusoma uhandisi katika chuo hikihiki. Koti jeupe lilikuwa limeshashonwa. Wiki chache kabla ya kufunguliwa chuo, mama yake akapooza upande mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na wadogo zake walikuwa bado wa kuvalishwa viatu. Hakuna aliyemwambia abaki. Hapakuwa na haja ya kuambiwa.

Alimuuguza mama yake miaka tisa. Ulimi wa mgonjwa ulikuwa mzito, lakini kila jioni aliulazimisha kuuliza jambo moja: "Umesoma?"

"Nilikuwa namjibu, 'Ndiyo, mama, nimesoma,'" anasema Mama Bureti. "Sikuwa naongopa. Nilikuwa nimesoma maandishi ya kwenye maboksi ya dawa yake. Yote. Mpaka yale madogomadogo ya chini."

Baada ya mazishi alikwenda kwenye geti la chuo na kuomba kazi yoyote. Alipewa ufagio. Baadaye likatokea pengo maabara, wakamhamishia huko, akafundishwa kazi ya kuandaa vyombo na dawa. Mshahara, kwa maneno yake, hufika nyumbani umeshachoka, lakini si mshahara uliomleta. "Nilitaka kuwa mle ndani," anasema. "Nimeingia kwa mlango gani, hilo halikunisumbua."

Miaka miwili iliyopita chuo kilitangaza kozi ya uhandisi ya jioni kwa watu walio kazini. Anayetaka kuingia hufanya mtihani wa kuandika, kisha wa vitendo maabara. Nafasi ya kujaribu ni mara mbili tu. Mama Bureti alijiandikisha siku ileile, na mumewe anasema kwa wiki nzima chakula nyumbani kiliungua.

Mwaka jana alifaulu wa kuandika. Kwa wa vitendo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Nani atamfundisha samaki kuogelea?

Aliyeandaa mtihani huo alikuwa mtunza stoo wa chuo, mzee wa maneno machache anayeitwa Babu wa Stoo, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi zamani. Mama Bureti aliingia, akasimama kwenye meza aliyoipangusa mara zisizo na idadi, akaiona chupa yake ya X. Moyo ukatulia. Miaka yote X huchanganywa kwa kipimo kimoja, na bureti husimama kwenye ishirini na tano.

Safari hii rangi ya waridi ikatokea kwenye ishirini na moja.

"Nikasema, mkono umeteleza," anasimulia. "Nikarudia. Ishirini na moja. Nikasema labda chombo cha kuchotea kinavuja. Nikabadilisha. Ishirini na moja tena. Jasho likanitoka. Nikafikiri, hawa watu wataniona mimi mtunza maabara mzima sijui kufunga koki. Basi nikazikata zile ishirini na moja zote, nikaandika ishirini na tano."

Anapangusa meza ambayo haina kitu.

Babu wa Stoo alikuwa ameipunguza nguvu tindikali kwa makusudi. Hakutaka mtu aseme kwamba mwenyeji amepewa chupa anayoijua. Alimfanyia wema, na wema wenyewe ukamwangusha.

Aliyesahihisha ni mhadhiri wa kemia, mwanamke kijana ambaye Mama Bureti mwenyewe alimfundisha kushika bureti alipokuja chuoni akiwa msichana wa kutetemeka mikono. Anasema karatasi ile ilimliza.

"Vipimo vyake vyote vilikuwa sahihi kabisa," anasema mhadhiri. "Vilikuwa bado vinasomeka chini ya ule mstari wa kufutia. Nilitaka kumpa alama, Mungu anajua. Lakini jambo la kwanza tunalomwambia mhandisi ni hili: andika ulichokiona. Usiandike ulichotegemea kukiona. Nikimpa mama yangu alama kwa kinyume chake, kesho nitamwambia nini mtu atakayejenga daraja?"

Mama Bureti hakubisha. Alipopewa matokeo alimwambia mhadhiri, "Umesahihisha vizuri, mwanangu," akaenda chumba cha kuandalia dawa, akafunga mlango. Alilia humo mpaka kipindi kilichofuata, kisha akatoka na beseni la vyombo kwa sababu wanafunzi walikuwa wanasubiri.

Mumewe alikuwa na maneno machache zaidi. "Chuma hakijui mazoea," alimwambia jioni ile. "Mimi nikichomelea kwa mazoea geti linamwangukia mtu."

Wanasema mazoea yana taabu, na Mama Bureti akaona lazima auguze mazoea yake kama alivyomuuguza mama yake. Hakuhitaji kusoma zaidi. Alihitaji mtu wa kumnyima majibu.

Kazi hiyo aliipata fundi wa mageti. Chuo kilikuwa kimetupa bureti iliyomeguka mdomo, mke akaiomba na kupewa. Jikoni kwao ikafungwa kwenye nondo iliyochomelewa vizuri kupita kiasi. Jioni mume hujifungia upande wa pili wa mlango, anachanganya siki na maji kwa kipimo anachokijua yeye, anakuja na glasi kama mhudumu wa hoteli. Mke anaidondoshea magadi ya kutengenezea sabuni. Dawa ya rangi ni maji ya maua mekundu ya uani, ambayo hugeuka kijani siki ikiisha nguvu.

"Mwanzoni alikuwa ananitazama usoni badala ya kutazama chombo," anasema mume. "Nikamwambia, mama watoto, mimi si bureti."

Siku moja glasi ilikuja kama kawaida. Mke akafungua koki, na tone la kwanza tu likageuza maji yote kijani. Akafunga. Akaosha kila kitu, akarudia. Tone moja, kijani. Mume alikuwa amejiegemeza mlangoni, uso umekauka. Zamani, anasema Mama Bureti, angeamini kwamba amekosea, angetafuta namba ya kuandika ili asiaibike. Alikaa muda mrefu na kalamu mkononi. Mwisho akaandika: humu hamna siki.

"Maji ya bombani matupu!" mume akapiga makofi. "Umepona, mke wangu. Umepona."

Jumatatu ijayo ni mtihani wa vitendo, jaribio la pili na la mwisho. Wa kuandika ameshaufaulu tena. Mama Bureti hafichi kwamba anaogopa. Anaogopa kwamba mkono wake utaiona chupa ya X na kukumbuka mapenzi ya zamani. Akikosa, ataendelea kufunga nyuzi na kutoka nje, mpaka siku ya kustaafu.

"Siutaki ukubwa," anasema. "Sitaki hata ofisi. Nataka nisimame meza ile nikiwa sijui, halafu nijue. Basi. Wale watoto wanapata hilo kila wiki, wanaliona ni mzigo. Wengine wanapiga miayo."

Leo Ijumaa, wanafunzi wakishaondoka, Babu wa Stoo anaingia na begi lake dogo. Amekuja kuchanganya X ya Jumatatu. Mama Bureti anavua ufunguo wa chumba cha dawa. Huwa unaning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, na kamba imeacha alama kwenye ukosi wa koti.

"Kinyozi hajinyoi," mzee anamtania, mkono umenyooka.

"Ndiyo maana nakupa wembe, babu. Usinikate."

Mlango unafungwa. Mama Bureti anakwenda kukaa nje kwenye benchi la korido, lile ambalo wanafunzi hukaa wakisubiri kuitwa. Anasema hajawahi kulikalia. Miguu yake haijui pa kujiweka, mara aikunje, mara ainyooshe.

Kutoka ndani inasikika milio ya vioo. Mara anainua kichwa, sikio limesimama: mzee anamimina maji, na kumimina kuna urefu wake, na yeye kwa miaka kumi na saba amemimina maji hayohayo kwenye chombo hichohicho. Akitaka anaweza kukisia. Midomo imeanza kuhesabu.

Anaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Anakaa hivyo, macho yamefumbwa, mtu mzima kwenye benchi la wanafunzi, mpaka mlango unafunguliwa.

Babu wa Stoo anatoka akijifuta mikono. Anafunga, anatia ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, anaupigapiga kuhakikisha umekaa. Mama Bureti anasimama. Anamtazama mzee usoni, na macho yake ni macho ya mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza.

"Babu," anasema kwa sauti ndogo. "Hata tarakimu ya kwanza tu."

Mzee anatazama dari.

"Muulize bureti," anasema, na kuondoka taratibu na begi lake.

Mama Bureti anacheka mpaka anashika ukuta. Kisha anapangusa macho kwa pindo la koti, na yanalowa tena, anayaacha. Anarudi kukaa kwenye benchi. Hana haraka ya kwenda nyumbani, ingawa nyumbani kuna glasi inamsubiri. Mkono umepanda shingoni kutafuta ufunguo, umekuta hakuna kitu.

"Sijui kilichomo," anasema, kama mtu anayetangaza amejifungua salama. "Kweli kabisa. Sijui."

Halafu anaongeza, akiutazama mlango uliofungwa: "Jumatatu jioni, kama angekuwa hai, yule mama yangu angeniuliza kama nimesoma. Safari hii nataka nimwambie nimesoma nini."