Fomu Inayojazwa Kutoka Chini

Duka letu lina mlango mmoja na kazi mbili. Upande wa dirishani nashona mimi, sare za shule, mashati na sketi. Upande wa ukutani anakaa mume wangu na kompyuta yake, printa, na mashine ya kutolea nakala ambayo yeye peke yake ndiye anayejua pa kuipiga kofi ikigoma. Shule ya sekondari iko ng'ambo ya barabara. Matokeo ya kumaliza shule yakitoka, mimi hukosa hata pa kutandaza kitambaa, maana wanafunzi hujaa mpaka kwenye cherehani yangu wakisubiri kujaziwa fomu za kuomba chuo.

Wamembandika jina, Mzee Chini-Juu. Fomu ina nafasi za machaguo matatu, na mume wangu haruhusu mtu aanze na la kwanza. Utaanza na la tatu, upende usipende. Atakuuliza, "Wakikupa hili la chini kabisa, utafunga begi uende, au utabaki nyumbani unanuna?" Ukisema utanuna, anafuta, mnaanza upya. "Kuota kila mtu anajua," huwaambia. "Tuanze na hili unaloweza kupewa kweli."

Ana masharti mengine. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la cheti cha shule, herufi kwa herufi. Namba ya simu iwe yako, si ya unayempenda. Hilo lilitokana na kijana mmoja aliyeandika namba ya mchumba wake. Wakakosana kabla ya majibu kutoka, ujumbe wa chuo ukaingia kwa binti, naye akaufuta na kuendelea na shughuli zake. Sharti la mwisho linanihusu mimi: fomu haitumwi mpaka ichapwe kwenye karatasi, na mwenyewe aisome kwa sauti mbele ya mtu asiye na haraka. Mtu huyo ndiye fundi cherehani. Nimesikiliza fomu nyingi nikiwa na pini mdomoni.

Wabishi nao wana dawa yao kwenye droo. Ni fomu yake mwenyewe ya ujanani, imefifia, ameipiga laminesheni. Chaguo la kwanza udaktari, la pili udaktari, la tatu udaktari, vyuo vitatu tofauti. Alama zake zilikuwa nzuri, ila hazikufika huko, na kwa kuwa hakujiachia mlango mwingine, hakuna chuo kilichomwita. Akaenda kujifunza kutengeneza mashine za ofisini. Anawasimulia huku akicheka, nao wanacheka. Mimi niliyekaa naye miaka ishirini na miwili sijawahi kukicheka kisa hicho.

Mwaka huu zamu ikafika kwa binti yetu.

Mtoto huyu tangu akiwa mdogo ana ugonjwa wa kupima. Alipima vyumba vyote kwa utepe wangu wa kushonea, akapima uwanja wa shule kwa hatua, na siku moja akaniambia ukuta wa jirani umeingia kwetu kiganja kizima, habari ambayo nilimwomba aimeze. Alitaka upimaji ardhi. Kwenye daftari lake aliandika kutoka chini, kama alivyolelewa: la tatu ualimu wa jiografia, la pili upimaji ardhi katika chuo kidogo, la kwanza upimaji ardhi katika chuo kikubwa. Alhamisi asubuhi akampa baba yake daftari. Maombi yalikuwa yanafungwa kesho yake saa kumi jioni, na fomu ikishatumwa, hairudi.

Saa sita mchana akaja mbele ya cherehani na karatasi yake. Duka lilikuwa tupu kwa muda huo.

"Soma, mwanangu," nikamwambia.

Alisoma jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu. Kisha akapunguza sauti. "Chaguo la kwanza, udaktari. Chaguo la pili, udaktari. Chaguo la tatu, udaktari."

Nikatoa pini mdomoni. "Ndivyo ulivyoandika?"

"Hapana, Mama. Baba kachapa hivyo, kanipa, kasema nije nisome kwako." Aliikunja karatasi pembeni, akaikunjua. "Kama ndivyo anavyotaka, basi. Labda nitazoea."

Hasira zilinipanda, sitadanganya. Mume wangu alikuwa ametupa mgongo, anafuta kioo cha mashine ambacho alikwisha kukifuta asubuhi. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini huyu alikuwa anamnywesha mtoto ugonjwa wake mwenyewe. Nilikwenda kwenye droo, nikatoa ile fomu ya laminesheni, nikailaza mezani kwake, na ubavuni mwake nikaweka karatasi ya binti.

"Soma wewe sasa," nikasema. "Kwa sauti. Si ndilo sharti lako?"

Hakusoma. Alizitazama tu, moja, kisha nyingine.

"Alama zake ni nzuri kuliko zangu," alisema.

"Zinafika?"

"Zinakaribia."

"Na zako zilikaribia," nikamwambia.

Kisha akamgeukia binti na kumwuliza swali lake lilelile, ila safari hii sauti haikuwa ya dukani. "Wakikupa huu udaktari, utafunga begi?"

"Nitafunga, Baba. Kwa ajili yako."

"Na ule ualimu wa chini kabisa?"

"Nitafunga pia. Huo kwa ajili yangu."

Mume wangu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akachelewa kuivaa. Halafu akainuka kwenye kiti chake, kiti ambacho hata mimi sikikalii. "Kaa," akamwambia. "Andika mwenyewe. Anzia chini."

"Najua, Baba."

Alipomaliza alinisomea tena, mstari kwa mstari, na saa nane fomu ikatumwa.

Chuo kikubwa hakikumchukua. Kilichomwita ni kile kidogo, chaguo la pili, naye akafunga begi siku hiyohiyo ingawa safari ilikuwa wiki tatu mbele. Utepe wangu wa kushonea aliuchomeka katikati ya nguo. Nilimwona, nikajifanya sijui.

Alipoondoka, maombi ya awamu ya pili yakafunguliwa. Akaingia baba mmoja na bintiye, na kabla hata ya salamu kukamilika akasema, "Mjazie uhandisi, mistari yote mitatu."

Mume wangu akavuta droo. Nilidhani nakijua kisa, nikaendelea kukanyaga cherehani, mpaka nilipoona anatoa karatasi mbili, zote zimepigwa laminesheni. Akazipanga mbele ya yule baba, wala hakucheka.

"Hii niliijaza nikiwa na miaka kumi na tisa," alisema, "sikujua kitu. Hii nyingine nimeijaza mwaka huu, nikijua kila kitu."