Siku Walipomjia Zawena

Yowe lilinikuta saluni, Shinyanga mjini, kichwa changu kikiwa mikononi mwa msusi. Binti aliyekuwa akisubiri zamu yake alikuwa anachezea simu, na ghafla likatoka: yowe refu, linaloanza chini kooni, likapanda, likapanda, kisha likakatika kama kamba. Niliruka kwenye kiti. Msusi akaniambia nitulie, namharibia mistari. Wasichana walikuwa wanacheka mpaka wanafuta machozi. Filamu ya zamani, walisema, dada hebu ona, damu yenyewe juisi ya rozela.

Niliiomba ile simu nikaangalia. Alikuwa yeye: gauni jeupe, shoka begani, macho ya mtu asiyelala. Zawena. Nikawaambia wale mabinti kwamba mwanamke huyu aliwahi kuwa mke mwenza wa mama yangu, tena yowe wanalolicheka si lake, sauti yake naijua, walimwekea la mtu mwingine. Hawakuniamini. Msusi alinishika kichwa akakielekeza mbele, kama mtu anayemrudisha mtoto darasani. Basi nawasimulia nyie.

Nilikulia Segese, miaka ile banda la video likiwa ndilo jumba letu kubwa la starehe. Lilikuwa la mabati matupu, mlango wake gunia, na jenereta nyuma likikohoa moshi. Watoto hatukuruhusiwa kuingia, lakini mabati yalikuwa na matundu ya misumari, na kila mtoto alikuwa na tundu lake. Langu lilikuwa chini sana. Nilikuwa nalala kifudifudi vumbini, na kwa kuwa mbele yangu kulikuwa na benchi, nilichokiona ni nusu ya chini ya skrini. Kwa hiyo, msinicheke, nilimjua Zawena kwa miguu kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa na nyayo ndefu, na kidole cha pili kikubwa kuliko gumba.

Mfululizo wenyewe ulikuwa na sehemu nyingi, na kila mtu aliuita kwa jina la huyo shujaa wake. Zawena aliishi kwenye kijiji ambacho maiti hawakukubali kulala. Kila sehemu watu wake waliisha, akabaki yeye na shoka lake. Kuna sehemu wanakijiji wenyewe walimgeuka, wakamfukia akiwa hai. Watoto wa Segese hatukulala siku hizo. Sehemu iliyofuata alitoka, mdomo umejaa udongo, na banda zima likapiga makofi mpaka mabati yakalia.

Baba yangu alikuwa mchimbaji. Si wa mgodi mkubwa wa kule Bulyanhulu. Yeye na wenzake walikuwa na duara lao, shimo la kuchimba kwa mikono, na wenye duara waliishi kama ukoo mmoja. Mara kwa mara alisafiri kwenda Kahama au Tabora. Safari moja alirudi mchana na pikipiki mbili. Ya kwanza ilimbeba yeye. Ya pili ilimbeba mwanamke mwenye baibui na sanduku. Mama alikuwa amekaa kivulini, ungo mapajani, anachambua mchele. Mwanamke alishuka, akavua viatu kutoa kokoto, na mimi nikaona vidole vyake. Nilipiga kelele: "Zawena!"

Baba alicheka kwa fahari, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Mama Kabula," alisema, "nimekuletea mdogo wako."

Mama hakuinua macho. Alitoa chuya moja, akaitupa. "Mwambie asikanyage mchele wangu."

Ndivyo vita ilivyoanza. Jina lake la kweli lilikuwa Hadija, mtu wa Tabora mjini, lakini Segese nzima ilimwita Zawena, na mama hakumwita kitu chochote. Alisema "yule". Kulikuwa na majiko mawili, mapipa mawili ya maji, kamba mbili za kuanikia nguo. Asubuhi mama alifagia uwanja kwa mkono wa nguvu, na takataka zote, kwa namna fulani, ziliishia mlangoni kwa yule. Mimi na wadogo zangu tulikatazwa kula chakula chake. Nilikula mara moja tu, ugali na mlenda, na mama alinusa mikono yangu akanichapa.

Nisiwadanganye kwamba Hadija alikuwa malaika anayeonewa. Alikuwa na ulimi. Alimwigiza mama anavyosema "kura" badala ya "kula", tena kwa sauti, ili wapangaji wa jirani wasikie. Alisema michembe yetu, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ni chakula cha punda. Alituita sisi watoto "washamba wadogo". Na yule shujaa aliyekata vichwa vya maiti aliogopa vyura. Mvua za kwanza ziliponyesha, chura mmoja aliingia chumbani kwake, na Zawena akapanda juu ya sanduku akaita watu wote isipokuwa mama. Mama alisikiliza, kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu zile pikipiki mbili zifike. Kesho yake nilimwona akimsukuma chura mwingine kwa ufagio, taratibu, kuelekea mlango uleule.

Kisha duara likakauka. Walishuka, wakatoa mawe, wakasaga, wakaosha, sahani ikabaki na matope. Mwanzoni walilaumu mwamba. Baadaye walilaumu wao kwa wao. Mwisho wakaenda kwa mganga, na mganga, ambaye nadhani naye alikuwa na tundu lake kwenye lile banda, akawaambia kuna mwanamke aliyewahi kuzikwa akatoka. Ardhi ilishampokea, akaikimbia, sasa inamdai. Haitafungua mkono mpaka apelekwe akaiombe radhi.

Mnaweza kucheka. Mimi nilikuwa mtoto na niliona ni jambo la maana kabisa. Niliona kwa macho yangu alivyozikwa. Kila mtu aliona.

Nyumbani hali ilibadilika. Wanawake waliokuwa wanakuja kuomba moto au chumvi waliacha kuja. Kisimani walimpisha Hadija, si kwa heshima. Mtu alitupa udongo mweusi mbele ya chumba chake, na safari hii haukuwa ufagio wa mama, kwa maana mama aliutazama ule udongo muda mrefu, akaagiza maji, akauosha. Baba alianza kula haraka na kuondoka.

Walikuja siku ya gulio, jua likiwa kali, wakati watu wengi wako sokoni. Wanaume wa duara, na nyuma yao wengine waliofuata tu. Mbele alikuwa Baba Limi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akila kwetu siku ambazo mke wake yuko Mwanza. Alikuwa na kamba begani, ile nene ya kuteremshia watu shimoni.

"Shemeji yupo?" aliuliza.

Baba alitoka amevaa kandambili. "Jamani, tukae tuongee," alisema.

"Tumeshaongea. Tunampeleka duarani, anashuka, anaomba radhi. Basi."

"Basi tu?"

"Basi."

Baba alitazama ile kamba. Alitutazama sisi watoto. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake ileile ya upole: "Mimi sina la kusema. Wenzangu mmeamua." Akaenda kukaa kwenye gogo upande wa pili wa uwanja, kama mgeni aliyekuja kumsubiri mwenye nyumba.

Hadija alikuwa ndani, amejifungia. Walimwita. "Zawena, toka!" Alijibu: "Mimi siitwi Zawena! Mimi ni Hadija! Hadija binti Saidi, wa Tabora!" Hakuna aliyemsikiliza. "Zawena, toka!" Mtu akaupiga mlango teke, bawaba ikalia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji, lakini sikulia. Nilikuwa nasubiri. Nilijua kitakachotokea: mlango ungefunguka, angetoka na shoka, na wanaume wote wale wangekimbia. Nilisubiri shoka. Nilichosikia ni sanduku linaburutwa sakafuni kuziba mlango.

Mama alitoka jikoni. Alipita katikati ya wanaume bila kuomba njia, akafika kwenye ule mlango, akageuka, akaupa mgongo.

"Yaya," alisema. Hapana, kwa Kisukuma, neno moja la kawaida ambalo alitukatalia nalo sukari kila siku.

"Mama Kabula, toka hapo," Baba Limi alisema. "Hata wewe humtaki. Tunakusaidia."

"Simtaki," mama alijibu. "Huyu ni adui yangu. Kachukua mume wangu, anacheka ninavyoongea, simpendi hata kivuli chake. Lakini ni adui yangu mimi, Baba Limi. Nyie amewafanya nini?"

"Kafunga ardhi!"

"Ardhi mmeimaliza wenyewe kwa kuchimba."

Mmoja alimshika mkono ili amvute pembeni. Mama aliutoa, na mikono yake yote miwili akaipeleka kiunoni, kwenye fundo la kanga. Akalishika hapo.

"Haya," alisema taratibu. "Mimi nimezaa, na umri huu nawatosha nyie wote kuwa mama. Nalifungua hili fundo. Anayetaka kupita mlango huu apite akiwa ameniona nilivyo, halafu aende akashuke shimoni na laana ya hicho alichokiona."

Fundo lilianza kulegea. Niliona ncha ya kanga ikitoka. Aliyekuwa amemshika mkono alikuwa wa kwanza kugeuka, akaficha uso kiganjani. Kisha mwingine. Baba Limi alibaki akiangalia chini, kamba inamteleza begani, akasema, "Tutarudi, mama." Hakusema Mama Kabula. Alisema mama. Wakaondoka wakisukumana kwenye upenyo wa ua, na hakuna hata mmoja aliyetazama nyuma.

Mama alilikaza fundo. Akagonga mlango. "Fungasha," alisema. "Kesho watakuja na wasionijua."

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliitwa aje na pikipiki yake. Hadija alitoka na sanduku, uso umevimba kwa kulia, na hata hapo hawakupatana.

"Usidhani nitakushukuru," alisema.

"Nani kakuomba?" mama akajibu. Hadija akapanda, naye mama akapanda nyuma yake. Wakawa watatu kwenye pikipiki moja: mjomba, Hadija, na mama mwisho kabisa, sanduku likiwa kichwani kwake. Mkono mmoja ulishika sanduku. Mwingine ulimshika Hadija kiuno, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto anayevuka mto. Hivyo ndivyo walivyokwenda Kahama, na baada ya hapo sikumwona tena yule mwanamke mpaka siku ile saluni.

Mama alirudi kesho yake. Alimpikia baba, akamwekea maji ya kuoga, na kwa miaka mingi hakumwambia neno lisilokuwa la lazima.

Nilipokuwa mtoto niliamini mambo mawili kuhusu siku ile. Kwamba wale wanaume walitaka tu Hadija ashuke, aseme samahani, apande. Na kwamba mama, pale mlangoni, alikuwa ameanza kumpenda. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa kwamba ile kamba ilikuwa ya kushusha tu, haikuwa ya kupandisha. Na la pili mama aliniambia mwenyewe, nilipomuuliza kwa nini alijiweka mbele kwa ajili ya mtu yule.

"Simpendi mpaka leo," alisema. Kisha akaongeza, "Mama yangu naye walimwita kwa jina, atoke, vilevile. Nje, mchana."

Bibi yangu wa Didia, ambaye tuliambiwa alikufa kwa homa, alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe maisha yake yote. Majirani waliyasoma macho hayo walivyotaka, wakasema ni ya mchawi, wakamjia. Mama alikuwa mdogo, amejificha nyuma ya kihenge cha mtama, na nyumbani kulikuwa na watu wazima wengi. Alisema aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake.

Didia si mbali na Shinyanga, lakini utoto wangu wote hatukuwahi kufika, na sikuwahi kuuliza. Mwaka jana mama alitaka kwenda. Kaburi hatukulipata; palikuwa shamba la dengu, limestawi vizuri. Alisimama pembeni ya shamba kidogo, akasema twende. Kwenye baraza la duka, njiani, walikaa wazee wawili na fimbo zao, wa umri wa kuikumbuka siku ya bibi. Mimi nilianza kuinama niwaamkie, kama nilivyolelewa. Mama alinishika kiwiko akaninyoosha, tukapita.

"Marahaba," mzee mmoja aliitikia nyuma yetu, kwa mazoea, salamu ambayo hakupewa.