Ukoo Usiokufa kwa Ugonjwa

Kwetu hakuna anayekufa kwa ugonjwa. Babu alirogwa na mwenzake wa kazini, baba mkubwa alitiliwa sumu kwenye bia, na baba yangu, aliyeisha mwilini huku macho yakigeuka manjano, aliliwa kichawi na dada yake mwenyewe. Ndiyo majibu niliyopewa nilipozunguka mtaa wetu wa Panda na daftari nikiuliza wazee wetu walikufaje.

Baba alikufa kwa saratani ya kongosho, nami nilitaka kujua kama imo damuni mwangu na mwa binti zangu. Daktari mmoja wa Lubumbashi alisema mara nyingi hairithiwi: sigara huchangia, kisukari, unene, kongosho lililovimba kwa miaka kwa sababu ya pombe. Lakini ndugu wa damu wakifa nayo mfululizo, inafaa kupima. Akaomba makaratasi ya hospitali.

Makaratasi! Siku ya kumaliza kilio tuliyachoma pamoja na godoro la baba, ili kilichomuua kisibaki nyumbani. Kiberiti nilikiwasha mimi, mwalimu wa biolojia, ninayewachorea wanafunzi ubaoni jinsi mtoto anavyorithi kwa wazazi wake. Hilo siwezi kumtupia mtu mwingine.

Mkubwa wa ukoo, binamu ya baba, alinifukuza uani kwake.

"Weye unataka kuandika familia yetu iko na magonjwa? Nani atakuja tena kuoa batoto betu?"

Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga. Hawakuwajua watu wangu, ambao hata kwenye kilio huendelea kuficha.

Akabaki shangazi, huyo dada ya baba, aliyewauguza wote watatu. Katika kikao baada ya mazishi ya baba alisema ugonjwa huo aliutambua mapema, kwani aliuona kwa babu. Wakamwita mchawi, wakamfukuza palepale. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilisogeza miguu apite.

Nilimkuta kijijini kando ya ziwa Tshangalele, akianika samaki. Alikumbuka yote: mwasho wa ngozi, choo cheupe, sukari iliyopanda ghafla, maumivu ya mgongo, nani alivuta sigara na nani hakuvuta. Niliandika bila kumtazama, kwa aibu. Nilipoinua uso nikaona macho yake. Yalikuwa ya manjano.

Nililia, nikaomba msamaha, nikamsihi twende hospitali. Kisha nikaongeza, maana mimi ndivyo nilivyo, kwamba damu ya mgonjwa aliye hai ndiyo ingempa daktari jibu la wazi zaidi kuliko damu yangu.

"Damu ya mulozi?" alisema. "Kwanza uende ku kikao, useme mbele ya bote, tantine, shangazi yangu, iko mugonjwa, hapana mulozi. Kisha nitakupa mukono."

Niliomba kikao. Mkubwa akakiahirisha mara mbili, nami sikupiga kelele. Nilimwogopa, nikajiambia ni heshima. Tulipokutana hatimaye, ilikuwa kwa kifo cha shangazi. Wakasema uchawi wake umemrudia.

Hapo ndipo niliposimama na kusema yote, kwa sauti kubwa, mbele ya jeneza. Walinisikiliza, kisha wakaendelea kupanga nani abebe mbele na nani nyuma.

Juzi binti yangu mkubwa aliniuliza kama na yeye anayo saratani hiyo damuni. Nilimwambia sijui, na sikumweleza kwa nini.